Garsen inasikia lakini haisikiki

KWA miaka kadhaa sasa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, imekuwa ikieleza katika ripoti zake kwamba zaidi ya asilimia 95 ya wananchi wanaishi mahali ambapo mawimbi ya simu za mkononi yanafika. Ni ufanisi wa kupigiwa mfano, na makala haya hayana nia ya kuitilia shaka takwimu hiyo. Hata hivyo, uzito wake wote umebebwa na neno moja tu: yanafika. Ripoti inatueleza kwamba sauti ya mnara inamfikia mwananchi. Haituelezi iwapo sauti ya mwananchi nayo inaufikia mnara.

Mjini Nairobi au Mombasa tofauti hiyo haina maana kubwa. Katika Kaunti ya Tana River, na hasa eneobunge la Garsen, inaweza kuwa tofauti kati ya kijiji kilichohama kwa wakati na kijiji kilichozingirwa na maji usiku.

Anayeiacha barabara kuu ya Lamu pale Garsen na kuteremka na mto, akapita vijiji vya delta hadi Ozi na Kipini ambako Tana inaingia Bahari Hindi, hukutana na kioja kimoja. Simu yake inaonyesha vijiti viwili vya mawimbi, pengine vitatu. Jumbe kutoka kwa jamaa walio mbali zinaingia bila taabu. Anapojaribu kujibu, kigurudumu kinazunguka kwenye kioo hadi anakata tamaa. Anapiga simu, naye mpokeaji anamwambia "husikiki, husikiki", ilhali yeye anamsikia barabara. Wenyeji hawashangai. Wanajua ni kichuguu kipi cha kupanda, ni mti upi wa kusimama kando yake na ni umbali gani wa kwenda kwa bodaboda ndipo ujumbe upae.

Garsen, kwa maneno mengine, inasikia lakini haisikiki. Kisa hicho kina maelezo ya kisayansi, na inafaa msomaji ayafahamu kabla ya kumlaumu yeyote.

Kila mazungumzo ya simu yana njia mbili. Moja hushuka kutoka mnarani hadi kwenye simu. Nyingine hupanda kutoka kwenye simu hadi mnarani. Mnara una umeme au jenereta, na hupaza sauti kwa nguvu za wati 20, 40 au zaidi. Simu ya kisasa ya 4G, ambayo hutegemea betri ndogo na hushikwa karibu na kichwa cha binadamu, kwa kawaida haivuki sehemu mbili za kumi za wati moja. Mnara basi una nguvu mara 100 au 200 kuliko simu inayoujibu. Ni mfano wa muadhini mwenye kipaza sauti juu ya mnara, anayetaka kujibiwa na mkulima aliye kondeni naye hana ila mnong'ono wake.

Wahandisi wanalijua hilo, na ndiyo sababu wakaupa mnara masikio makubwa kuliko ya simu: antena ndefu na vipokezi vyepesi vya kunasa. Masikio hayo hufidia sehemu ya upungufu, si wote. Panapo umbali mkubwa, njia ya kupanda ndiyo inayokatika kwanza, huku ile ya kushuka ikiendelea kama kawaida. Vijiti vya mawimbi kwenye kioo cha simu hupima njia ya kushuka peke yake. Ndiyo maana huwa vinamdanganya mtu wa pembezoni.

Hapa pana jambo dogo linalostahili kutajwa. Simu za kizazi cha 2G, hizi ambazo vijana wanazidharau kwa jina la kabambe, zilisanifiwa kupaza sauti kwa hadi wati mbili katika masafa ya 900, ingawa kwa vipindi vifupi vifupi. Mzee wa delta anayekataa kuiacha kabambe yake hafanyi hivyo kwa ukaidi wa uzee. Kule aliko, simu yake inaweza kupaza kuliko ile ya mjukuu wake iliyomgharimu maelfu ya shilingi.

Umbali sio kikwazo pekee. Katika mtandao wa 4G simu haiwezi kuanza kusema itakavyo. Kwanza hubisha hodi kwa kuchagua moja kati ya ishara 64 ambazo mnara unazitambua. Simu mbili zikichagua ishara ile ile kwa wakati mmoja, hugongana. Kila moja husubiri kidogo kisha ikabisha tena, mara hii kwa nguvu zaidi. Ikishasikika, huomba nafasi, hupangiwa zamu, hutuma ujumbe wake, na iwapo mnara haukuunasa vyema huamriwa urudiwe. Mahali penye mawimbi mazuri shughuli yote hiyo humalizika kabla mtu hajapepesa jicho. Ukingoni mwa mawimbi kila hatua inaweza kushindwa na kuanzwa upya, na hapo ndipo kutotegemeka kwa mtandao kunapogeuka kuwa kuchelewa. Ujumbe haukupotea, unarudiwa na kurudiwa, hadi betri inakwisha au muda unapita.

Na hodi 64 zinatosha kabisa siku ya kawaida. Siku maji yanapoingia kijijini, au milio ya risasi inaposikika alfajiri, kila mwenye simu huiinua kwa wakati mmoja. Mlango huo husongamana siku ile ile ambayo ujumbe mmoja ungeweza kuokoa watu.

Mafuriko ndiyo mfano ulio wazi zaidi. Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini kwa kilomita zipatazo 1,000, huchukua maji yake kutoka safu za Aberdare na Mlima Kenya. Hupitia mabwawa matano ya kuzalisha umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga peke yake, lililokamilika mwaka 1981, lina uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita bilioni 1.5 za ujazo. Likijaa na kufurika, maji huchukua siku kadhaa kufika Garissa, na siku nyingine kadhaa kuteremka hadi Garsen, kwa kuwa bonde ni tambarare na mto unajipindapinda.

Kwa hivyo wakazi wa delta wana bahati ya namna fulani. Gharika kubwa ya Tana haiwajii kwa ghafla kama yale mafuriko ya mitaro ya Nairobi. Ina safari ya siku nyingi, na safari hiyo inaweza kupimwa hatua kwa hatua. Mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde moja ilhali maji yanatembea kwa miguu. Kinadharia hakuna mtu wa Tana Delta anayepaswa kufikiwa na maji kabla ya habari zake.

Historia inasema vingine. Gharika ya El Nino ya 1997 na 1998, mafuriko ya 2018 yaliyowang'oa makumi ya maelfu ya watu makwao, na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliyofuatwa na mengine Aprili na Mei 2024, yote yaliwakuta watu wakiwa bado mashambani na mifugo ikiwa bado malishoni. Katika msimu huo wa 2023 na 2024 barabara ya Garsen kuelekea Lamu ilifunikwa na maji, sawa na ile ya Garissa pale Madogo.

Tukio la Kona Punda, karibu na Madogo, linafunza jambo. Boti iliyojaa abiria ilipozama hapo mwishoni mwa Aprili 2024, picha za video zilisambaa nchi nzima mara moja. Madogo iko ng'ambo tu ya mji wa Garissa na minara iko karibu. Mnong'ono wa simu ulisikika. Lau boti hiyo ingezama katika mmoja wa mikono ya mto huko chini, baina ya Garsen na bahari, je, habari zingepanda kwa kasi ile ile? Msomaji anayezijua sehemu hizo anaweza kujijibu mwenyewe.

Tatizo ni kwamba mjadala wa tahadhari, hapa nchini na duniani, umeelekea upande mmoja. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulizindua mpango wa kuhakikisha kila mtu duniani analindwa kwa tahadhari za mapema kufikia 2027. Fikra ya wengi inapotajwa tahadhari huenda moja kwa moja kwenye ujumbe unaotumwa kwa simu zote za eneo kwa mkupuo, redio za jamii, ving'ora. Hayo yote ni ya kushuka, na ni mema. Lakini tahadhari haianzii ofisini Nairobi. Huanzia kwa mtu aliyesimama ukingoni mwa mto akisoma ubao wa kupimia kina cha maji, kwa kawaida mara mbili kwa siku, kisha akatafuta mahali pa kupiga simu. Namba aliyoisoma isipopanda, hakuna kitakachoshuka. Ama kitashuka kitu cha jumla kisicho na faida, kama lile onyo la kila msimu kwamba wakazi wa nyanda za chini wahamie nyanda za juu. Mtu wa Semikaro angependa kuuliza ni nyanda zipi hizo.

Kuna siku ambazo kilichotakiwa kupanda hakikuwa namba ya mto bali ukemi. Mnamo Agosti 22, 2012, zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Septemba 10 mwaka huo watu 38, wakiwemo maafisa tisa wa polisi, waliuawa Kilelengwani, na Rais Mwai Kibaki akatangaza marufuku ya kutoka nje usiku. Desemba 21 ikawa zamu ya Kipao. Ugomvi wa Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji juu ya maji na malisho ni wa kale na una mizizi yake katika umiliki wa ardhi na siasa. Hakuna mnara utakaoumaliza. Lakini kila aliyefuatilia majuma yale anakumbuka namna uvumi ulivyotangulia ukweli.

Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wasanifu wa habari waliokaa zamu ya usiku katika siku hizo. Taarifa kutoka delta zilikuja kwa jumbe fupi za simu, herufi 160 kwa mkupuo, na mara nyingi sehemu ya tatu ilitangulia ya pili. Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa na idadi ya waliofariki. Tulisubiri. Redio zilikuwa zimekwisha kutaja idadi moja, watu mitaani wanataja nyingine, na ukurasa unangoja kwenda mtamboni. Ilipofika usiku wa manane tulichapisha "watu kadhaa", maneno ambayo msanifu yeyote anayejiheshimu huyachukia.

Huko Tana Delta kwenyewe pengo hilo lilijazwa na uvumi kwamba kijiji fulani kinajiandaa kushambulia, hivyo wacha tushambulie kwanza. Baada ya mapigano, shirika la Sentinel Project kutoka Canada lilianzisha mradi ulioitwa Una Hakika. Mwananchi aliyesikia uvumi aliutuma kwa ujumbe mfupi, wafanyakazi wa mradi wakaufanyia uchunguzi kupitia watu wa kuaminika vijijini, kisha jibu likarudishwa. Thamani ya mradi huo ilikuwa ni kutambua kwamba wanavijiji walihitaji kuuliza kabla ya kuambiwa. Lakini nao ulitegemea ujumbe kupanda, na kupanda kabla hasira haijachemka. Uvumi uliojibiwa baada ya saa kumi na mbili haujajibiwa.

Haki inatutaka tuseme upande wa pili pia. Wakazi na watetezi wa haki za binadamu walilalamika wakati ule kwamba dalili za mashambulizi zilikuwa zimeonekana na wakuu wa usalama wakaarifiwa, lakini msaada ukachelewa. Kuchelewa kunakotokea baada ya ujumbe kupokelewa, pale unapolala juu ya meza ya mkubwa, hakuna mhandisi anayeweza kukuponya. Hata hivyo, ujumbe uliofika na kunakiliwa kwa saa na dakika unamnyima mkubwa huyo kisingizio. Hilo nalo si haba.

Uchaguzi ndio ulioilazimisha serikali kuu kulitazama suala hili, kwa kuwa huko wanaoumia ni wanasiasa. Mwaka 2013 mfumo wa kupeperusha matokeo ulikwama na taifa likarudi kwenye hesabu za mkono. Siku chache kabla ya kura ya Agosti 2017, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, ilikiri kwamba vituo 11,155 kati ya 40,883 vilikuwa nje ya mtandao wa 3G na 4G. Tena kilichotakiwa kupanda sasa hakikuwa tarakimu peke yake bali picha ya Fomu 34A, mzigo mkubwa mara nyingi kuliko ujumbe mfupi. Mahakama ya Juu ilipoufuta uchaguzi wa urais Septemba 1 mwaka huo, upeperushaji wa fomu hizo ulikuwa kiini cha hukumu. Majaji hawakuridhishwa na hoja ya ukosefu wa mtandao, kwani maafisa wangeweza kusogea hadi mahali panaposhika.

Ni hoja nzuri ya kisheria. Kwa afisa aliye katika kijiji cha delta usiku, akiwa na sanduku la kura, polisi mmoja na mto wenye mamba mbele yake, ni hoja yenye tabu zake. Mwaka 2022 tume ilibadilisha mbinu: vituo zaidi ya 1,000 vilivyokuwa nje ya 3G vilitengewa vifaa vya setilaiti, na fomu za karibu vituo vyote 46,229 zikaonekana na umma katika siku chache. Somo la miaka hiyo mitano ni kwamba panapokuwapo shinikizo, sheria na fedha, sauti ya kijiji cha mbali inaweza kupandishwa. Swali ni kwa nini ipandishwe siku moja katika miaka mitano, kisha vifaa virudishwe ghalani.

Wahandisi hawajakaa bure. Wasanifu wa 5G walijiwekea lengo ambalo miaka michache nyuma lingechekwa: ujumbe mfupi wa baiti 32 ufike ndani ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, na katika kila jumbe 100,000 usipotee zaidi ya mmoja. Njia walizozitumia zinaeleweka hata na asiye mtaalamu. Kifaa kinatengewa zamu yake mapema ili kiseme bila kubisha hodi. Hurudia maneno yake mara kadhaa mfululizo bila kungoja kuulizwa. Na upande wa mnara husikilizwa na antena nyingi kwa pamoja, kwa kuwa mawimbi yaliyofifia kwenye sikio moja huenda hayakufifia kwenye jingine.

Lengo hilo liliwekwa kwa ajili ya viwanda vyenye mitambo inayojiendesha. Garsen haihitaji sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mto unaochukua siku nne kufika hauulizi milisekunde. Inachohitaji ni nusu ya pili ya ahadi: ujumbe mmoja tu katika 100,000 usifike. Na uzuri wa sayansi hii ni kwamba mambo hayo mawili yanaweza kubadilishana. Ukikubali kusubiri, unaweza kununua uhakika.

Mfumo uitwao NB-IoT, uliosanifiwa mwaka 2016 kwa ajili ya mita na vifaa vidogo, umejengwa juu ya biashara hiyo hiyo. Kifaa chake kinaweza kurudia ujumbe mmoja hadi mara 128, na mnara ukaijumlisha minong'ono hiyo hadi ikawa sauti moja. Waliousanifu walikusudia unase mawimbi yaliyo dhaifu mara 100 kuliko yale ambayo 2G iliweza kuyanasa. Ujumbe unaweza kuchukua sekunde kadhaa kufika. Kipimo cha maji chenye betri na mfumo wa aina hiyo, kikifungwa kwenye nguzo za daraja, kingeweza kutuma kina cha mto kila robo saa, usiku na mchana, bila mtu kupanda kichuguu.

Kwa ukemi wa binadamu dawa ni tofauti, maana hapo hakuna nafasi ya kungoja. Kadi za simu zina madaraja ya kipaumbele, kuanzia la 11 hadi la 15, yaliyotengwa tangu enzi za 2G kwa vyombo vya usalama, huduma za dharura na watumishi wa mtandao. Mlango ukisongamana, mnara unaweza kuwazuia wengine kwa muda na kuwapisha hao. Machifu, wahudumu wa zahanati na wasoma vipimo vya mto katika vijiji vya delta wangefaa kuwa na kadi za namna hiyo. Hazihitaji mnara mpya hata mmoja. Zinahitaji barua kutoka ofisi moja kwenda ofisi nyingine, na pengine ndiyo maana ni vigumu.

Yapo na mengine. Masafa ya chini, ya 700 na 800, husafiri mbali na kupenya msitu wa kando ya mto kuliko yale ya 1800 na 2100, na televisheni ziliyaachia zilipohamia dijitali. Antena nne za kupokea badala ya mbili, na vikuza sauti vilivyofungwa juu kabisa ya mnara, huongeza usikivu bila kuongeza kelele. Paneli za jua nazo si anasa, kwa maana mnara unaotegemea dizeli huzimika barabara ya kuleta dizeli inapokatwa na maji, yaani siku ile ile uliyojengewa. Starlink, iliyoanza huduma nchini Julai 2023, inafaa ofisi ya chifu au zahanati yenye umeme. Mchungaji aliye malishoni hawezi kutembea na sahani yake.

Nani alipe? Kampuni za simu zina hoja ambayo haifai kubezwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 katika Tana River, kaunti yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 38,000. Hao ni watu wanane kwa kila kilomita mraba. Hakuna mfanyabiashara atakayejenga minara minono kwa hesabu hiyo, wala hapaswi kulaumiwa. Bunge lililitambua hilo lilipounda Mfuko wa Huduma kwa Wote, ambao kampuni zenye leseni huuchangia nusu asilimia ya mapato yao. Awamu ya kwanza, iliyotiwa saini mwishoni mwa 2017, ililenga kupeleka simu katika kata ndogo 78 zilizokuwa gizani. Fedha zipo na utaratibu upo.

Kinachohitaji kubadilika ni swali linaloulizwa baada ya mnara kusimama. Maadamu ufanisi unahesabiwa kwa idadi ya watu waliofikiwa na mawimbi, mjenzi atapaza sauti ya mnara, ramani ipakwe rangi, na hesabu ifungwe. Mkataba wa fedha za umma ungeweza kudai kitu kingine: kwamba kutoka mahali palipotajwa kwa jina, simu ya bei nafuu, iliyoshikwa mkononi na mtu aliyesimama chini na si juu ya kichuguu, itume ujumbe mara 100 na mnara uupokee mara 99 ndani ya dakika moja. Matokeo yachapishwe kijiji kwa kijiji, Ozi kivyake na Kipini kivyake, wala yasichanganywe na ya mji wa Garsen yakapata wastani wa kupendeza.

Na kipimo hicho kisifanywe Januari, wakati anga ni kavu na gari la wakaguzi linafika popote. Kifanywe Novemba au Mei, mto ukiwa umejaa.